Mkaguzi wa hesabu aacha kazi Dar, arudi Pemba msimu wa karafuu: tuijenge vipi riwaya hii?

Mwanzisha uzi

Assalaam aleikum wana baraza.

Naomba tujadili riwaya. Kuna aina moja inasomwa sana Uingereza na Marekani, na hapa kwetu wengi tunaisoma kimya kimya kwenye simu. Mwanamke ana kazi ya kumkaba roho, wakili au mtu wa benki. Siku moja anaacha. Anahamia kijijini, anafungua kiduka cha keki, anagombana na seremala wa pale, mwisho wanapendana. Msomaji anajua mapema nani atamuoa nani, na bado haachi kusoma. Nazipenda riwaya hizi na sioni haya kusema.

Sasa naandika ya kwetu, kwa Kiswahili, na mahali ni Pemba. Ninachokiogopa ni kile ninachokiona kwenye hadithi nyingi za mtandaoni: mhusika anatolewa Dar, anatuliwa ufukweni, anapewa dafu na machweo, kisha analetewa mvuvi kifua wazi. Hiyo ni Zanzibar ya mgeni wa wiki moja. Mtu wa hapa akiacha kazi Dar akarudi kwao hapewi dafu. Anapewa mbuzi akune nazi, na huku anakuna anaulizwa maswali.

Hoja yangu ndiyo hii, na nataka mnipinge kama nimekosea: kwetu kuacha kazi hakuamuliwi na mtu mmoja, kama vile kuolewa hakuamuliwi na mtu mmoja. Bibi, ami, mjomba, shangazi na jirani wa ukuta wa pili ndio wanaokaa kikao cha posa, na ndio hao hao watakaokaa kikao cha "kwa nini umeacha kazi". Riwaya ya mapenzi ya kuchekesha, kwetu, inapatikana kwenye vikao hivyo viwili. Ukimtoa mhusika peke yake ufukweni umeitupa hadithi yote baharini.

Mhusika wangu ni mkaguzi wa hesabu. Nimechagua kazi hiyo kwa sababu haina pumzi. Kampuni nyingi hufunga mwaka wao 31 Desemba, kwa hivyo miezi ya mwanzo ya mwaka wakaguzi hawalali. Wakimaliza huko, serikali na mashirika yake wanafunga mwaka 30 Juni, na mbio zinaanza upya. Anaandika barua ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ile ya Bara, inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28. Siku 28 hizo kwangu ni zawadi, maana habari itafika Wete, kwao Pemba, kabla yake. Bibi anampigia simu.

— Umefukuzwa?
— Sikufukuzwa, bibi. Nimeacha.
— Umeacha au umeachwa?
— Nimeacha mwenyewe. Nimepeleka barua, zimebaki siku 28.
— Eda fupi hiyo. Na mjomba wako anajua?
— Bado, bibi.
— Basi kesho atajua. Mimi sina kifua cha kuweka jambo kama hili.

Mwanamme wa hadithi sijamaliza kumfikiria. Najua tu kwamba hatakuwa mvuvi. Nawasikiliza.

Mdau, Mji Mkongwe

Waaleikumu salaam. Wazo zuri, lakini kwa nini Pemba? Mlete mjini. Jaws Corner pale wazee wanakunywa kahawa na kila habari inapita. Michenzani kila ghorofa ina shangazi. Halafu nakupa kisa bure: barua ya kuacha kazi na barua ya posa ziwe kwenye bahasha mbili za kaki, zibadilishwe. Bosi apate posa, babake mtu apate barua ya kujiuzulu. Watu watavunjika mbavu.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana yakhe. Nilikaa na wazo la bahasha, kwa kweli linachekesha, ila lina tatizo. Barua ya kazi siku hizi inakwenda kwa barua pepe. Ya posa bado inaandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa mtu mwenye mkono mzuri, na inabebwa na mshenga. Haziwezi kukutana mezani. Na hata zingekutana, kosa la bahasha linamfanya kila mtu awe hana hatia. Mimi nataka vurugu itokane na watu kupendana na kuingiliana, si na makosa ya tarishi.

Kuhusu mjini: Jaws Corner ninapaheshimu, ila mjini mtu akichoka na maswali anapanda daladala anakwenda kwengine. Kijijini hana pa kwenda. Na kuna jambo jengine ambalo mjini halipo, nalo ni msimu wa karafuu.

Mdau, Wete

Hapo kwenye karafuu niruhusuni.

Kwanza, wasomaji wa nje wajue kwa nini ni Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za nchi hii zinatoka huku. Msimu ukija mwema, kuanzia Julai hivi hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, huku hakuna mtu asiye na kazi. Wachumaji wako juu ya miti tangu asubuhi. Jioni wanawake na watoto wanakaa kwenye jamvi wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Asubuhi zinaanikwa, uwanjani, barazani, hata pembezoni mwa barabara. Zikikauka zinapelekwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, zipimwe na kupewa daraja. Makonyo nayo hayatupwi, yana kiwanda chake cha mafuta pale Wawi.

Pili, na hili ndilo nataka uliandike kwa haki: karafuu haisubiri. Lazima ichumwe kabla haijachanua. Ikichanua thamani imekwenda. Ikilowa mvua kwenye jamvi inaharibika rangi na daraja linashuka. Huyo mkaguzi wako akidhani amekimbia presha Dar, aje Mtambwe mwezi wa kumi.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Wete, umenipa mwanamme wa hadithi.

Tazama. Kijana amekodi mikarafuu ya bibi kwa msimu huu. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, kile kipimo chetu cha ujazo, na jioni baada ya kuchambua ni yeye anayeshika pishi. Mkaguzi wetu ana siku chache tu kijijini, amekaa jamvini na wanawake, vidole vimeanza kunuka karafuu, na macho yake ya kazini hayajalala. Anaona pishi inajazwa tele, ina kilima juu, na mchumaji analipwa kama amepimiwa mfuto, yaani pishi iliyosawazishwa juu.

Anasema. Mbele ya watu wote. Kijana anamjibu kwamba ndivyo inavyopimwa tangu babu zao. Yeye anachukua kijiti, anapitisha juu ya pishi, karafuu za juu zinaanguka jamvini. Wanawake wanapiga vigelegele. Bibi yuko mlangoni ameshika kichwa.

Hapo ndipo wanapokutana wale wawili, kwa kugombania kilima cha karafuu. Mpaka mwisho wa wiki wachumaji wa mashamba ya jirani nao wanadai mfuto, na kijana anaitwa na wenzake waliokodi mashamba aulizwe ni nani huyo mwanamke aliyemleta.

Kuna jambo ninalolipenda hasa kwenye mpangilio huu. Hawa wawili hawawezi kukaa faraghani, na hawatakaa. Hakuna chakula cha usiku kwa mishumaa. Kila wanaposemeshana yupo mtu: mtoto anayechambua, shangazi anayejifanya hasikii, mzee anayepita na punda. Wenzetu wa nje wanahitaji vizuizi vya kubuni ili wapenzi wasifikiane. Sisi tunavyo tayari, na ni vya heshima, havihitaji kudharauliwa ili hadithi inoge. Mapenzi yanapita kwenye hesabu ya pishi. Kijana akianza kupima mfuto bila kuambiwa, msomaji wa Kiswahili ataelewa amesema nini.

Mdau, Dar

Mimi nimefanya kazi za namna hiyo, sitaki kutaja wapi. Nina swali moja, na naomba usiliruke. Mshahara. Mtu kama huyo halishi tumbo lake tu. Kila mwisho wa mwezi simu zinaingia: ada ya skuli ya mtoto wa ami, dawa za presha za bibi, bati, msiba, harusi. Kwenye riwaya za Ulaya dada anaacha kazi, anauza fleti yake, basi. Huyu wako akiacha, watu kumi wameachishwa kazi siku hiyo hiyo. Utaandikaje hilo na bado tucheke?

Mwanzisha uzi

Kaka, hili silikwepi. Nimekesha nalo, na nadhani hapa ndipo riwaya ilipo hasa.

Kikao kinakaa. Ami ndiye mwenyekiti. Wanaume barazani, wanawake ndani, na pazia baina yao haizuii neno hata moja. Hoja rasmi ni kwamba wanamhurumia, amepungua mwili, huenda kuna kijicho kazini. Hoja ya kweli kila mmoja ameificha mfukoni: ada, dawa, bati. Hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuisema. Wanazunguka. Mmoja anasifu elimu. Mwengine anakumbusha jinsi marehemu babake alivyouza ng'ombe amsomeshe. Hiyo tu, mizunguko hiyo ya heshima, mwandishi mwenye sikio anaweza kuijaza kurasa nyingi na msomaji akacheka kwa sababu amekaa kwenye kikao hicho hicho kwao.

Halafu yeye, ambaye maisha yake yote kazini amefungua vitabu vya watu wengine, anakwenda chumbani anarudi na daftari. Kila shilingi aliyotuma ameiandika, tarehe na sababu. Hajaleta daftari kwa ubaya. Ameleta kwa sababu hajui namna nyengine ya kuzungumza. Anaanza kusoma. "Bati za nyumba ya bibi." Watu wote wananyanyua macho juu. Makuti.

Mjomba anakohoa.

Pesa za bati mjomba alimkopesha yule kijana alipie wachumaji, kwa sababu mchumaji anataka pesa yake kila jioni na karafuu hazijauzwa bado. Kijana alidhani ni pesa ya mjomba. Mjomba alidhani atarudisha kabla ya masika. Kwa hivyo mtaji wa lile shamba ni jasho la mkaguzi mwenyewe, na kila kilima cha karafuu alichokiangusha kwa kijiti chake alikuwa anaiangusha faida ya pesa yake. Na kijana, ambaye amegombana naye wiki nzima, ndiye mdeni wake.

Naamini tunaweza kucheka hapo bila kumdhalilisha mtu. Mjomba si mwizi. Alimuona kijana mchapakazi hana mtaji na msimu unaanza. Familia zetu zinaishi kwa namna hiyo, pesa ya bati inakuwa pesa ya ada inakuwa pesa ya wachumaji, na mwisho wa yote watu wanakula. Ila kuna mtu mmoja Dar amekuwa akikesha ili mzunguko huo usikatike, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amelala. Nataka bibi ndiye amuulize, kikaoni, mbele ya ami. Hapo hakuna kicheko, na sitaki kiwepo.

Mdau, muuguzi, Chake Chake

Nimefurahi umefika hapo, maana nilikuwa na wasiwasi. Tunawaona watu hawa. Wanakuja na kichwa, tumbo, usingizi hawana, vipimo vyote safi. Nakuomba usilifanye jambo la kuchekesha, na tafadhali sana, nakuomba kama mtu wa Pemba, usimpeleke kwa mganga.

Mwanzisha uzi

Dada, ahadi. Pemba imeandikwa kwa uchawi kupita kiasi, na anayeandika mara nyingi hajalala hata usiku mmoja hapa. Riwaya hii haina mganga.

Kuhusu uchovu wenyewe wa kazi, ule Waingereza wanaouita burnout, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza kwenye orodha yake ya kimataifa, ICD-11, kama hali inayotokana na mkazo wa kazini uliokosa kushughulikiwa. Halikuuita ugonjwa. Dalili linazozitaja ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona hufanyi lolote la maana. Naitumia hiyo ya tatu. Mkaguzi wangu hachukii hesabu, anazipenda. Amechoka kwa sababu miaka mingi amepiga hesabu ambazo hazigusi mtu anayemjua. Siku ya pishi ni mara ya kwanza anaona namba imebadilisha chakula cha mtu usiku ule ule. Ndiyo maana analia baada ya vigelegele, na wanawake wanadhani moshi umemuingia machoni.

Usingizi nao nimeuwekea nafasi yake. Wiki ya kwanza analala mpaka jua la saa nne, na nyumba nzima inanong'ona kama kuna mgonjwa. Bibi anawafukuza kuku uani wasimuamshe.

Mdau, Mji Mkongwe

Bahasha zangu zimekataliwa, sawa. Posa ikoje basi? Na usiniambie wanapendana tu hivi hivi mwisho wa msimu.

Mwanzisha uzi

Posa inakwenda mwezi wa kumi na moja, baada ya Alasiri. Wazee watano wa upande wa kijana, kanzu nyeupe zimepigwa pasi, kofia za mkono, mshenga mbele na barua kifuani. Uwanja mzima umeanikwa karafuu na wamebidi wapite mmoja mmoja pembeni ya majamvi. Wamekaa, wamepewa kahawa, mshenga amesafisha koo, ameanza salamu zile ndefu. Mvua ya vuli inaanguka.

Hakuna anayefikiri. Mzee wa miaka sabini ananyanyuka na kanzu yake, anakamata pembe ya jamvi. Ami yuko pembe ya pili. Shangazi waliokuwa nyuma ya pazia wametoka, pazia lenyewe limetumika kufunikia karafuu. Mshenga ameiweka barua chini ya kofia yake na anabeba gunia. Na kijana, ambaye kwa adabu hakutakiwa kuwepo kabisa siku hiyo, ametokea shambani anakimbia, maana hizo karafuu ni zake. Anajikuta anashika jamvi moja na mkaguzi, uso kwa uso, mbele ya wazee wote wa pande mbili, wote wamelowa.

Barua inasomwa ikiwa imechuruzika wino. Mshenga anaijua kwa moyo.

Mdau, Wete

Wallahi nimeliona hilo jamvi. Lakini sahihisha kitu kimoja, majamvi hayabebwi wazi namna hiyo, karafuu zitamwagika. Yanakunjwa kwanza, pembe nne zinaletwa katikati, ndipo yabebwe. Watu wawili wanatosha kwa jamvi dogo.

Mwanzisha uzi

Nimeandika. Wakikunja pembe nne itabidi mikono ikaribiane, umenisaidia kuliko unavyodhani.

Mdau, Makunduchi

Dada au kaka, sijui, mimi nauliza mwisho. Anarudi Dar au harudi? Kama mwisho wake ni kwamba mwanamke msomi ameacha kazi akaolewa, mimi sinunui.

Mwanzisha uzi

Hata mimi nisingenunua.

Kampuni inampigia mwezi wa kumi na mbili. Wanamtaka arudi, kwa mshahara mkubwa zaidi. Hapo tayari posa imejibiwa, na nimeona waandishi wengi wakiitumia simu ya namna hii kumpima mwanamke kama anampenda mwanamme vya kutosha. Mimi silifanyi hilo. Anakwenda Mkoani kupanda boti, na kijana mwenyewe ndiye anambebea begi mpaka bandarini, na hamsihi. Anakaa Dar mwezi mmoja. Anafanya kazi vizuri. Anagundua kwamba anaweza kuifanya na pia kwamba haitaki, na haya mawili hakuwahi kuyatenganisha. Anarudi kwa miguu yake.

Akirudi, hafungui kiduka cha keki. Vikundi vya wanawake wa mwani na wa karafuu vimeshakuwa na foleni barazani kwa bibi, kila mmoja na daftari lake, kwa sababu habari ya pishi ilitembea. Kipato ni kidogo kuliko cha Dar, na riwaya inasema hivyo waziwazi, kwa shilingi. Ada ya mtoto wa ami inagawanywa watu watatu. Dawa za bibi anabaki nazo yeye. Bati zinaezekwa kwa pesa ya msimu, kijana akilipa deni, na hiyo ndiyo sharti aliyoweka mkaguzi kabla ya kujibu posa.

Mdau, Dar

Na mahari?

Mwanzisha uzi

Mahari ni haki yake, kwa hivyo anataja yeye. Ametaja pishi moja ya karafuu kavu, daraja la kwanza, ipimwe mfuto.

Mdau, Wete

Bibi hatakubali mahari hiyo. Nakwambia kabisa. Atasema mjukuu wake hauzwi kwa pishi.

Mwanzisha uzi

Hakubali, na kikao kinakaa tena, safari hii yeye ndiye mwenyekiti. Sura hiyo ndiyo ninayoiandika sasa. Anayejua kwao bibi alipandisha mahari kikaoni, naomba aniandikie hapa alisema maneno gani, maana yangu bado ni makavu. Sura ya kwanza nitaishusha Ijumaa baada ya Isha.